Kikaratasi cha Albamu ya Mwalimu Asajile

Juzi nilimwambia kijana mmoja wa Morogoro kwamba albamu yake mpya ina nyimbo kumi na mbili kwa kuhesabu, lakini nyimbo zenyewe ni saba. Zile tano nyingine ni gitaa linazurura tu. Yeye na wenzake watatu wamejirekodi chumbani, hawana kampuni wala meneja, wameegemeza magodoro ukutani ili sauti isirudi, na wameimba roki kwa Kiswahili bila kumwomba mtu radhi. Hayo pia nilimwambia. Nilimwambia wimbo wa pili nimeurudia mara tisa, na yule mpiga besi wamng'ang'anie hata akiwanunia. Lakini zile tano nilizitaja moja moja, kwa namba. Ndiyo kazi yangu ya jioni nikitoka ofisini. Nasikiliza albamu mpya za bendi ndogo ndogo zisizo chini ya mtu, kisha nasema nilichosikia kwenye kundi la simu ambalo watu wake wanazidi kuongezeka, sijui wanatokea wapi. Wengine wananiita katili. Waniite tu.

Wakati nasubiri ajibu, fundi redio wa chini ya nyumba tunayopanga akaanza kuyeyusha risasi ya kuchomelea waya. Moshi ule ukapanda mpaka dirishani kwangu ghorofa ya pili. Sijui wenzangu ni harufu gani inayowarudisha kwenu. Wapo wa ubani, wapo wa mkate wa kumimina wa bibi. Mimi ni risasi. Nikiinusa tu nina miaka kumi na moja, nipo Ruangwa, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya meza ya baba, na mbele yangu kuna redio imefumuliwa matumbo yote nje.

Wa rika langu mnazikumbuka zama zile. Simu za kubonyeza, mfuniko wake ukipotea unalifunga betri kwa mpira wa ndala. Memori kadi ndogo kama ukucha, ikikudondoka kwenye mchanga umekwisha. Wimbo ulikuwa haushuki kutoka hewani, ulikuwa unakwenda dukani unajaziwa, na mwenye duka alikuwa na uwezo wa kukujazia nyimbo mia ambazo hukuziomba. Na kila nyumba iliyopata kidogo kwenye korosho au ufuta ilinunua sabufa, na kila sabufa, baada ya miezi miwili ya kufunguliwa mpaka mwisho, ililetwa kwa baba.

Sisi si wa kule. Mama ni nesi, alipangiwa Ruangwa akitokea Singida, na baba akamfuata na sanduku lake la vifaa. Watu walimcheka, eti mwanaume mzima anafuata uhamisho wa mke. Baba alikodi kibanda kwenye njia ya kwenda sokoni, akatundika kibao, na baada ya msimu mmoja wale wale waliomcheka walikuwa wanakuja na redio zao zimeviringishwa kwenye khanga, wengine kwa bodaboda kutoka Mbekenyera, wakimwita Fundi kwa adabu zote. Mama yeye alikuwa na hofu moja isiyoisha, kwamba pale hatuna ndugu wa kutusemea, kwa hiyo jina letu likichafuka halina wa kulisafisha. Tulifundishwa kusalimia kila kiumbe, ilibaki kidogo tusalimie na kuku.

Kila kilichoingia kwa baba kilifungwa kikaratasi cha manila kwa uzi. Juu jina la mwenyewe na anakotoka, chini yake maneno mawili kwa herufi kubwa, UGONJWA na DAWA. Baba alikuwa hasemi redio imeharibika, alisema inaumwa. Na kwa kuwa mwandiko wake hata yeye mwenyewe ulikuwa unamshinda kuusoma, kazi ya kuandika ikawa yangu nikitoka shule. Kabla hajafungua chochote aliwasha, akafumba macho, akaweka kiganja juu ya boksi, akasikiliza. Kisha ananigeukia. Inaumwa nini, mama? Ndivyo alivyoniita mimi binti yake. Mwanzoni nilikuwa nabahatisha. Baadaye sikubahatisha tena. Nilijua karatasi ya spika iliyochanika inavyokwaruza kwenye sauti nene peke yake, nilijua waya uliolegea unavyokohoa, nilijua hata redio iliyowahi kunyeshewa.

Alikuwepo mzee mmoja wa Likunja, Kiswahili chake cha kuokoteza, Kimwera chake mimi nilikuwa sikiambulii kitu. Huyo alikuwa anasubiri nimwambie mimi, hamtaki baba. Nikimtajia ugonjwa wa redio yake anatikisa kichwa kwa furaha, anacheka na mapengo yake, anaondoka ameridhika kabla hata haijatengenezwa. Na wote walikuwa hivyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukasirika kwa kuambiwa redio yake ina kasoro. Walikuwa wamesafiri ili waambiwe. Mimi, kwa akili yangu ya darasa la tano, nikaamini binadamu wote wapo hivyo kuhusu vitu vyao vyote. Hilo ndilo lililokuja kuniponza.

Basi siku moja akaja Mwalimu Asajile. Alikuwa mwalimu wa fizikia sekondari, kijana wa Tukuyu, mrefu, shati limechomekwa hata Jumapili, na kucha za mkono mmoja ndefu ambazo nilidhani ni uvivu. Alileta sabufa, baba akabadilisha karatasi ya spika. Alipokuja kuichukua akatoa memori kadi mfukoni ajaribishie. Ikatoka sauti ya kukwaruza, nene, chafu, inachanachana. Baba akaruka akazima. Akamwomba mwalimu radhi, akamwambia bado inaumwa, arudi kesho. Tukaweka karatasi nyingine, ya gharama. Kesho yake mwalimu akachomeka kadi ile ile, mkwaruzo ule ule. Mimi nikafumba macho, nikaweka kiganja, nikatangaza kwa uhakika kwamba safari hii si spika, ni transista imeungua.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la spika mbovu. Alipopata pumzi akatueleza kwamba sabufa ni nzima tangu jana. Ni gitaa ndilo linalopigwa hivyo. Kuna vijana huko mbali wanalilazimisha likwaruze, makusudi kabisa, na wanajirekodi wenyewe nyumbani kwao. Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuna watu wanatia mchanga kwenye wali ili unoge.

"Kwa hiyo wanaugua kwa hiari yao?" akauliza.

Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia kitu. Chini ya ule mkwaruzo kulikuwa na mtu anaimba taratibu, hana haraka na hataki mtu yeyote amsifu. Nikamwomba mwalimu aturudishie mwanzo. Akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akaniachia kadi yote.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Alikuwa na rafiki Dar es Salaam mwenye intaneti ya kasi, kila albamu mpya ya bendi za namna ile ikitoka anaishusha na kumtumia kwa kondakta wa basi, kadi imefungwa ndani ya karatasi ya peremende. Ijumaa mwalimu ananiletea, Jumamosi mimi nasikiliza, mkwaruzo kwa mkwaruzo, baba akichomelea pembeni. Nikimaliza naandika. Niandike nini? Mimi maoni niliyoyajua duniani yalikuwa ya aina moja tu. Nikachukua manila, nikafunga na uzi kabisa. Kulikuwa na bendi ya wasichana watatu, nikaandika: UGONJWA, wimbo wa tatu unaaga mara nne na bado umesimama mlangoni. DAWA, uage mara moja uende. Kulikuwa na ndugu wawili ambao nasikia dunia nzima iliwasifu mwaka ule. UGONJWA, mwimbaji amejificha nyuma ya gitaa, anaogopa nini. DAWA, asogee mbele. Na albamu moja ya mtu mzima mwenye sauti ya mafua niliiandikia neno moja, Mzima. Hiyo nilimrudishia mwalimu huku roho inaniuma kuiachia.

Mwalimu alivihifadhi vikaratasi vyote kwenye daftari lake la maksi. Alikuwa anabishana na mimi kama mtu mzima mwenzake, anasimama pale kibandani na baiskeli yake, anatetea wimbo wa tatu mpaka jasho linamtoka, na kuna siku alirudi baada ya wiki akakiri nimemweza. Vijana wa bodaboda nao wakaanza. Roki walikuwa hawaitaki, walisema inawaumiza meno, lakini albamu mpya ya bongo fleva ikiingia mjini wanapita kwangu kwanza. Fundi mdogo, hii vipi? Nikisema nyimbo mbili tu ndizo za kujazia, wanajaza mbili.

Niseme ukweli wangu. Shuleni nilikuwa si kitu. Nilikuwa mgeni, lafudhi yangu ya Singida ilikuwa inachekwa, wenzangu wakitaka kunisengenya wanahamia Kimwera mbele ya macho yangu. Kitu pekee kilichokuwa changu mji ule ni kwamba nikisema jambo kuhusu sauti, watu wazima wananyamaza wasikie. Nilikitunza kitu hicho kuliko sare yangu ya shule. Najisifu? Ndiyo, najisifu, na nilistahili.

Kumbe mwalimu naye alikuwa na bendi. Zile kucha zilikuwa za gitaa. Kila wikiendi alikuwa anakwenda Nachingwea kwa wenzake wawili, mmoja karani, alipiga besi, na mwingine kijana wa kwaya ya parokia ambaye wiki nzima alipiga ngoma za kanisani kwa utulivu, Jumamosi akapiga dramu kama anafukuza nyani shambani. Baba ndiye aliyewatengenezea amplifaya, ya mbao, kwa matumbo ya sabufa nne zilizokufa. Likizo ikafika wakajirekodi kwenye darasa tupu. Nyimbo nane. Wakapanga kuizindua albamu kwenye ukumbi wa parokia kule Nachingwea, na wiki tatu kabla, mwalimu akaniletea kadi. Aliipangusa kwanza kwenye shati lake.

"Nataka kikaratasi," akasema. "Kama cha wengine wote. Usinipendelee."

Wengine wote walikuwa wameshamwambia ni moto. Walimu wenzake, wanafunzi, hata baba alisikiliza nyimbo mbili akampa mkono. Mimi niliisikiliza mara tatu, kuanzia mchana wa Jumamosi mpaka mama akaniita kuosha vyombo. Magitaa yalikuwa mazuri, amplifaya ya baba ilikuwa inakwaruza vizuri kabisa. Lakini mwalimu aliimba Kiingereza cha puani, kwa sauti ya mtu mwingine, na mtu huyo nilimfahamu. Alikuwa mmoja wa wale wa mbali ambao nilishawaandikia. Nyimbo nane, na Mwalimu Asajile hayumo. Ila mwisho kabisa wa wimbo wa nane walisahau kuzima mashine. Mvua inaanza juu ya bati, mmoja anasema tuache, haitasikika kitu, viti vinasogezwa. Halafu mwalimu, akidhani hakuna anayemrekodi, anapapasa gitaa na kuimba kwa Kiswahili maneno machache kuhusu mtu anayesubiri barua ya uhamisho. Haifiki hata dakika moja. Nilipofika hapo mikono ilinisisimka.

Nikaandika. JINA, Mwalimu Asajile. ANAKOTOKA, Tukuyu, ila akiimba hatokei huko. UGONJWA, sauti ameazima, nyimbo zote nane. DAWA, mzima ni ile dakika ya mwisho mvua inaponyesha, arudi aanzie hapo. Nikafunga uzi, nikalala nimefurahi. Nilikuwa nimeupata ugonjwa, tena ugonjwa mgumu, na dawa nimeiona. Nilimwona kabisa mwalimu akitikisa kichwa na kucheka kama yule mzee wa Likunja.

Mwalimu alisoma amesimama. Akasoma tena. Akakikunja kikaratasi mara mbili, akakitia mfuko wa shati, akasema asante, akachukua kadi yake. Hakubishana. Nilimtazama akisukuma baiskeli mpaka kwenye kona, hakuipanda. Ijumaa iliyofuata hakuna kadi. Ijumaa ya pili akapita mbele ya kibanda, akamsalimia baba, mimi hakuniona.

Nikamuuliza baba kama yeye alisikia kile nilichosikia mimi. Alikuwa ameinamia redio, hakuinua uso.

"Nilisikia."

"Mbona hukumwambia?"

Akapuliza moshi wa risasi pembeni. "Redio hainuni, mama," akasema, akaendelea kuchomelea. Nilikaa na jibu lile siku nzima. Kwa hiyo baba alijua, na yeye ndiye aliyenifundisha kusema, na alinyamaza. Sikuwahi kumkasirikia baba kabla ya siku ile.

Habari zilimfikia mama wodini, kwa nesi mwenzake ambaye mumewe alifundisha na Mwalimu Asajile. Zilivyofika zilikuwa zimenenepa, kwamba mtoto wa nesi kamtukana mwalimu kwa maandishi. Mama alirudi na sare yake, hakukaa, hakunywa maji. Hakunipiga, mama si wa kupiga. Aliniambia tu nivae viatu. Njiani akasema mambo yake yale yale, kwamba pale sisi ni watu wa barua ya uhamisho, ipo siku ilituleta na ipo siku itatuondoa, na katikati hapo hatuna kingine ila heshima, na mimi nimekwenda kuichana kwa kalamu ya wino. Nifike, nipige goti, niseme samahani, basi.

Mwalimu alikuwa anapanga chumba nyuma ya nyumba za serikali. Alifungua mlango na kalamu nyekundu mkononi, meza imejaa madaftari ya wanafunzi. Gitaa lilikuwa limegeuziwa ukuta. Nikapiga goti, nikasema samahani mwalimu.

Akaniuliza polepole, "Kwa hiyo ulikosea?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ndiyo. Mama alikuwa nyuma yangu, nilihisi anasubiri hilo neno kama anavyosubiri mgonjwa ameze kidonge. Nikajikaza.

"Hapana, mwalimu. Samahani kwa kukuumiza. Sikukosea."

Mama akanifinya bega. Mwalimu akaangalia kalamu yake, akamwambia mama hakuna shida, asijisumbue, karibuni siku nyingine, akafunga mlango taratibu. Mama hakuniongelesha mpaka kesho yake jioni, na alipoongea aliniambia nichote maji.

Ilikuwa inauma, nyie. Watu wanadhani msema kweli anatembea kifua mbele. Mimi nilitembea ukutani. Nilianza kuwaza pengine ni masikio yangu ndiyo yanayoumwa. Mbona watu wazima wote hawa, wenye vyeti, wamesikia uzuri, na mimi peke yangu nimesikia kasoro? Vijana wa bodaboda wakija na kadi nawaambia kila kitu ni kizuri, jazeni tu, wakawa wananitazama wasinielewe. Nikamwambia baba atafute mtu mwingine wa kumwandikia. Kalamu hakuiondoa mezani.

Siku ya uzinduzi ikafika. Baba alialikwa kama fundi wa amplifaya, isingewezekana asiende, na ilikuwa lazima mama aende ili isionekane tumenuna. Tukapanda Noah ya abiria asubuhi kwenda Nachingwea, mama amevaa kitenge chake cha sikukuu. Masharti alinipa kabla hatujafika. Nipige makofi kama watu wengine, na mwalimu akinisemesha nimwambie hongera mwalimu, maneno mawili, nisiongeze la tatu. Nikakubali. Nilikubali kweli, siyo kwa kumridhisha. Nilikuwa nimechoka kuwa na masikio.

Ukumbi wa parokia ulijaa baada ya misa ya pili. Wamama wa jumuiya na vitambaa vyao kichwani, wanafunzi wa sekondari, watoto wamekaa chini mbele kabisa. Karani na besi yake, yule wa kwaya nyuma ya dramu, na mwalimu katikati, shati limechomekwa. Hakusalimia kwa Kiingereza. Hakueleza chochote. Akapiga gitaa mara mbili, amplifaya ya baba ikakwaruza, wamama wawili wakaziba masikio, kisha akaimba.

Ilikuwa ile dakika ya mvua. Ilikuwa imekuwa wimbo mzima. Yule mtu wa barua ya uhamisho sasa alikuwa na sanduku, na mwenye nyumba anayemuuliza kila siku, na mti wa mpapai alioupanda uani akijua matunda atakula mwingine. Na sauti ilikuwa ya Mwalimu Asajile, ile ile ya kubishana kibandani, na lafudhi yake ya Tukuyu haikufichwa hata kidogo. Niliangalia ukumbini. Kila aliyepangiwa kule akitokea mkoa mwingine, walimu, mabwana shamba, manesi, walikuwa wametulia ghafla. Mama alikuwa ameshika pochi yake kwa mikono miwili, macho yameloa, mama ambaye kazini anashona watu vidonda bila kupepesa.

Waliimba saba pamoja na huo, na zile za zamani sasa aliziimba kwa sauti yake mwenyewe. Nyimbo mbili walikuwa wamezitupa, nilizijua ni zipi, nami ningezitupa hizo hizo. Wimbo wa nne ulikuwa na tatizo. Yule wa kwaya alipata furaha akakimbia na dramu yake, mwalimu akawa anamfuata nyuma na maneno yake anahema. Nililisikia, nikalimeza. Nikapiga makofi kama nilivyoagizwa.

Walipomaliza, mwalimu akachukua maiki. Akashukuru padri kwa ukumbi, akamshukuru baba kwa jina, baba akasimama nusu akakaa. Kisha akasema kuna mtu ndani ya ukumbi ule aliyewaambia albamu yao inaumwa wakati watu wazima wote walisema ni nzima. Akasema yeye mwenyewe alinuna wiki mbili, aligeuzia gitaa ukuta, halafu usiku mmoja akasikiliza ile dakika ya mwisho akaona aibu. Hakuwa anatabasamu.

"Namuuliza mbele yenu, na naomba asinipendelee," akasema. "Fundi mdogo, tumepona?"

Vichwa vyote viligeuka kutafuta fundi, vikapitiliza juu yangu mara ya kwanza. Mimi nilimwangalia mama. Hongera mwalimu ilikuwa tayari mdomoni, maneno mawili, ningeyasema na kukaa na tungerudi Ruangwa salama. Na najua, kama ningeyasema, leo nisingekuwa na maoni juu ya kitu chochote. Mama hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mbele, kwa yule kijana aliyeimba juu ya barua kama ile iliyomleta yeye Ruangwa.

"Sema ulichosikia," akasema, kwa sauti ya chini.

Nikasimama. "Mmepona," nikasema. "Ila wimbo wa nne, dramu inakimbia. Inamwacha mwimbaji njiani."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Kijana wa kwaya akainamisha kichwa mpaka kwenye vijiti vyake, na karani akaanza kucheka peke yake, mabega yanatikisika. Mwalimu Asajile akageuka, akamtazama mpiga dramu wake.

"Si nilikwambia?" akasema. Kisha akarudi kwenye maiki. "Wa nne. Tunaurudia."

Wakaurudia. Watu wazima watatu, mmoja ana shahada ya fizikia, mbele ya padri na ukumbi mzima, wakarudia wimbo kwa sababu mtoto wa darasa la tano amesema haujakaa sawa. Kijana wa kwaya akazishika dramu zake kama alivyozishika kanisani, taratibu, na maneno ya mwalimu yakapata pa kukanyaga. Mama mmoja wa jumuiya, aliyekaa pembeni yetu, akatuinamia uso umekunjamana. Akauliza mtoto wa nani huyu, anayewasema wakubwa hadharani.

Mama yangu akajiweka sawa kwenye benchi.

"Wangu huyo," akajibu, kwa sauti ambayo hata waliokaa benchi la nyuma waliisikia.